Kisian na Nyamasaria hawanyeshewi sawa: kwenda kazini Kisumu kwa baiskeli mwaka mzima

Waulize watu wawili wanaoingia katikati ya Kisumu kwa baiskeli kila asubuhi ni msimu gani unaowatesa. Anayetoka Nyamasaria, mashariki mwa mji, atataja Aprili na mvua zake za jioni. Anayetoka Kisian, magharibi, atasema heri mvua. Kinachomtoa jasho ni upepo wa Januari na Februari. Kati ya makazi yao hazifiki kilomita ishirini, mji ni mmoja, mwezi ni mmoja, na wote wawili wanasema kweli. Ushauri mwingi kuhusu baiskeli na hali ya hewa hugawa mwaka kwa misimu. Kisumu, swali la kwanza si mwezi gani. Ni nyumba yako iko upande gani wa mji, na unatoka kazini saa ngapi.

Mwenye kuleta mkanganyiko huu ni Ziwa Victoria. Mchana jua hupasha nchi kavu moto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani, ambayo ni baridi kidogo, huja kujaza nafasi yake. Huo ndio upepo wa ziwa. Huanza kusikika kabla ya adhuhuri, hukolea alasiri, na huvuma kutoka Ghuba ya Winam kuelekea mashariki, ukipita mjini na kuingia uwanda wa Kano. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, hewa nzito huteremka kutoka milima ya Nandi na miinuko ya Riat kwenda majini. Upepo huu wa bara ni dhaifu kuliko ule wa mchana, lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi bado upo.

Sasa weka baiskeli juu ya ramani hiyo. Mtu wa Nyamasaria asubuhi anaelekea magharibi, upepo wa bara mgongoni. Jioni anarudi mashariki, upepo wa ziwa mgongoni tena. Anasukumwa kwenda na kurudi, na huenda hajui. Anadhani ni mazoezi. Mtu wa Kisian anakula upepo wa uso safari zote mbili, na ule wa jioni ndio mkali zaidi, wakati miguu imeshachoka.

Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Anayeendesha kilomita 15 kwa saa siku tulivu hukutana na hewa kwa mwendo huo huo. Upepo wa kilomita 10 kwa saa ukimjia usoni, hewa inampiga kwa 25, na nguvu inayomrudisha nyuma inakuwa karibu mara 2.8 ya ile ya siku tulivu. Upepo huo huo ukija kwa mgongo, hewa inampiga kwa 5 tu, na nguvu hiyo inashuka hadi moja ya tisa.

Dawa ya upepo kwa baiskeli isiyobadilisha gia, kama Black Mamba, iko kwenye friwili, ile gia yenye meno ya gurudumu la nyuma. Ukiwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, pedali ikizunguka mara moja gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.44. Weka friwili ya meno 22 na gurudumu litazunguka mara 2 kamili: unapoteza karibu asilimia 18 ya mwendo, na pedali inakuwa nyepesi kwa kiasi hicho hicho. Cheni itahitaji nafasi zaidi, takriban inchi moja. Kabla fundi hajakuuzia kipande cha kuongezea, mwambie alegeze nati za nyuma na kusogeza gurudumu mbele nusu inchi. Mara nyingi hiyo inatosha. Breki ya nyuma lazima ipangwe upya baada ya hapo, na hili husahaulika kiasi kwamba ni vizuri ulikague mwenyewe kabla ya kupanda. Kwa mtu wa Nyamasaria badiliko hili halina faida. Asalie na 18 yake.

Jua nalo linafuata mkondo ule ule wa upendeleo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo saa moja asubuhi jua huwa chini sana karibu mwaka mzima, na Machi na Septemba huchomoza mashariki barabara. Anayetoka Kisian asubuhi analitazama usoni. Ubaya wenyewe si macho yake kuumia. Ni kwamba dereva wa matatu aliye nyuma yake naye analitazama jua lilo hilo, kupitia kioo chenye vumbi, na mwendesha baiskeli aliyevaa rangi nyeusi anamezwa na mwangaza. Taa nyekundu ya nyuma inayowakawaka iwashwe asubuhi hiyo ya jua kali, si usiku pekee. Mtu wa Nyamasaria jua liko mgongoni, hatari yake inatoka mbele: gari linalomjia na kutaka kukata kona mbele yake huenda dereva wake hajamwona kabisa.

Mpaka hapa inaonekana Mungu alimpendelea mtu wa mashariki. Subiri saa kumi na moja jioni.

Upepo wa ziwa ukifika kwenye kuta za Nandi na miinuko ya Kericho hauna pa kwenda ila juu. Hapo hukutana na upepo mkubwa wa mashariki unaotoka upande wa pili wa nchi, na kule wanakokutana mawingu hujengeka kama minara. Jioni, joto la mchana likilegea, upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo yarudi kuelekea ziwani. Ndiyo maana mvua ya Kisumu mara nyingi haitoki ziwani kama wageni wanavyodhani. Hutokea Nandi, inashuka uwandani, na inaingia mjini kati ya alasiri na usiku wa mapema, wakati ambapo ofisi, shule na maduka vinafungwa. Mtu wa Nyamasaria anaifuata mvua inakotoka. Mtu wa Kisian anaikimbia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo ana upepo mgongoni.

Dalili za kusoma ni mbili. Ya kwanza huonekana mapema: ukitoka nje saa nane mchana, tazama Nandi. Mawingu meupe yaliyotawanyika kama pamba si kitu. Wingu moja refu ambalo kichwa chake kimetandazika kama fuawe ya mhunzi ni mvua ya radi iliyokomaa tayari. Ya pili haikupi muda mrefu: upepo wa ziwa unakatika ghafla, miti inatulia, halafu upepo baridi unakuja kutoka mashariki ukiwa na harufu ya udongo uliolowa. Huo ni hewa iliyopozwa na mvua yenyewe, inaitangulia. Kuanzia hapo una dakika chache tu, na chache hizo zitumie kutafuta paa. Usizitumie kuongeza mwendo.

Mvua haimletei mtu madhara makubwa. Radi ndiyo inayoua, na magharibi ya Kenya ina radi nyingi. Hesabu sekunde kati ya kumweka na kunguruma, kisha gawanya kwa 3 upate kilomita. Ikiwa hufiki sekunde 30, shuka na uingie ndani ya nyumba au gari. Matairi ya mpira hayakukingi, hata watu waseme nini. Mwembe wa kando ya barabara ni mahali pabaya kuliko barabara yenyewe, na kibanda cha mabati kilicho wazi pande zote kinakuzuia maji tu. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kama dakika 30 ni nyingi kwako, iache baiskeli kazini upande matatu. Funga mfuko wa plastiki juu ya kiti ili kesho asubuhi usikalie sponji.

Breki, hapo ndipo wengi hukosea

Mvua ikishakwisha na barabara ikibaki chepechepe, hatari inayofuata iko mikononi mwako. Rimu za chuma zenye kung'aa, zile za baiskeli nyingi za bei nafuu, zikilowa breki hushika kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake wa ukavuni. Sababu ni kwamba chuma hicho kimelainishwa kama kioo. Maji hukaa juu yake kama utando na raba inateleza juu ya utando badala ya kugusa chuma. Rimu za alumini zina mikwaruzo midogo inayopitisha maji, ndiyo maana hushika upesi zaidi.

Ukisimama kando ya barabara siku ya mvua utaona jambo hili wazi. Mtu anabana breki, gurudumu linaendelea kuzunguka kana kwamba hajafanya lolote, maji yanaruka pembeni, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, halafu ghafla breki inashika kwa nguvu na gurudumu la nyuma linaseleleka. Hakuna kilichoharibika. Mizunguko ile mitatu ilikuwa ya kufuta maji. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda karibu mita 2.2, kwa hiyo mita sita na zaidi zimepita kabla breki haijaanza kazi. Ufumbuzi ni kugusa breki kidogo, bila kukaza, mita kumi na tano kabla ya mahali unapotaka kupunguza mwendo. Unafuta kwanza, ndipo unasimama.

Baiskeli za breki za fito zina shida yake ya ziada. Raba zake huvutwa juu na kubana uso wa rimu unaotazama habu (kitovu cha gurudumu), si ubavu wa rimu. Uso huo ndio unaobeba tope linalotiririka kutoka kwenye tairi. Raba ikishika kokoto moja ndogo ya moramu inakuwa msasa: unasikia mkwaruzo wa chuma kila gurudumu linapozunguka, na ndani ya wiki chache rimu ina mfereji. Jioni ya mvua, pindua baiskeli, angalia raba zote nne, chomoa kokoto kwa ncha ya bisibisi. Kazi ya dakika mbili. Raba zilizokatwa kutoka tairi kuukuu la gari ni rahisi kupata lakini ni ngumu mno. Zinadumu kwa sababu hazishiki.

Mteremko wa Riat ukiwa umelowa na breki za fito si mahali pa kujaribu ushujaa. Shuka, tembea.

Tope mbili

Upande wa milima udongo ni mwekundu, moramu. Ukilowa huwa rojorojo la mchanga linalorushwa na gurudumu la mbele moja kwa moja kwenye cheni na kitovu cha pedali. Kinga yake ni madigadi yenye ulimi mrefu: kata kipande cha mtungi wa plastiki wa lita 5, upana wa sentimita 10 hivi, kitoboe matundu mawili, kifunge kwa nati chini ya madigadi ya mbele kishuke hadi sentimita 10 juu ya ardhi. Viatu vinabaki vikavu, na cheni inapona.

Uwandani Kano, kuanzia Nyamasaria kwenda Ahero, ukiacha lami unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, na hapo madigadi yenyewe ndiyo adui. Udongo huo haurushwi; unanata. Hujisokota kwenye tairi, unajaa chini ya madigadi, na baada ya mita hamsini gurudumu limekwama kabisa na unasukuma kitu kama mkokoteni usio na magurudumu. Hakikisha kati ya tairi na madigadi panaingia vidole viwili. Pasipoingia, ondoa madigadi ya mbele mwezi Machi uirudishe Juni. Na beba kijiti. Si utani: kijiti cha kukwangua tope ni kifaa cha kazi huko kuliko spana.

Kuhusu maji yaliyotuama barabarani kanuni ni moja tu, usipite mahali ambapo huoni chini. Mitaa ya Nyalenda na Manyatta ina mitaro isiyofunikwa, na maji yakishapanda barabara na mtaro ni kitu kimoja. Angalia wanaotembea kwa miguu wanapita wapi, na ufuate mstari wao. Mto Auji ukiwa umevunja kingo na maji yanakwenda, zunguka au subiri, hata yakiwa ya kifundo cha mguu.

Siku inayoteleza kuliko zote, hata hivyo, si siku ya mafuriko. Ni ile ya mvua ya kwanza baada ya wiki za ukavu, nusu saa ya mwanzo, vumbi na oili ya magari vikichanganyika juu ya lami kabla havijaoshwa. Reli nayo: ikilowa ni barafu. Ivuke kwa pembe mraba, usukani umenyooka, bila kubana breki.

Baada ya kulowa

Futa cheni kwa kitambaa kikavu jioni ile ile, la sivyo kesho yake itakuwa na kutu. Kisha tone moja la oili kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume mara ishirini, na ufute tena kile kilichobaki nje. Oili inayofanya kazi ni ile iliyo ndani ya kiungo. Ya nje inakusanya mchanga. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya gari, ambayo mafundi wengi huitoa bure, ina chembe za chuma na masizi. Unapaka msasa wa majimaji.

Cheni ikichakaa hurefuka. Pima kwa rula: viungo 24, pini hadi pini, vikiwa vipya ni inchi 12 kamili. Vikifika inchi 12 na moja ya nane, badilisha cheni sasa, la sivyo utabadilisha na friwili pamoja nayo, kwa kuwa meno yake yatakuwa yameshalika kufuata cheni mbovu.

Maji mengine hayaonekani. Yanateremka kupitia bomba la kiti hadi kwenye kitovu cha pedali na kukaa humo. Mara moja kwa mwezi wakati wa mvua, weka alama ya urefu wa kiti kwa kalamu, chomoa kiti, pindua baiskeli. Wakati mwingine kinatoka kikombe kizima cha maji ya rangi ya chai. Maji hayo yamekuwa yakiogesha gololi za chuma zilizo humo tangu Machi. Mvua kubwa zikiisha mwezi Juni, mpelekee fundi afungue habu zote mbili, aoshe kwa mafuta ya taa, atie grisi mpya na gololi mpya: kwa kawaida habu ya mbele hula 10 kila upande na ya nyuma 9 kubwa zaidi. Gololi ni bei ya chai. Habu iliyolika si bei ya chai.

Ukavu nao una yake

Desemba ikielekea mwisho mvua za vuli hukatika, na hadi Machi wengi huacha kuangalia baiskeli kwa kuwa "hali ni nzuri". Ndipo pancha zinapoanza. Mbigili na miiba ya nyua zilizokatwa hukauka na kuwa sindano. Nyuzi za chuma zinazobaki palipochomwa matairi barabarani ni mbaya kuliko mwiba wowote, nyembamba kama unywele, zinaingia kwenye tairi na kukaa humo zikitoboa tyubu mpya kila siku mbili. Kabla ya kurudisha tyubu iliyozibwa, pitisha kipande cha pamba au soksi kuukuu ndani ya tairi zima: kitanasa pale uzi ulipo. Vidole vitakuambia pia, lakini kwa damu.

Kuna imani kwamba baiskeli iliyoachwa juani hupasuka tairi kwa hewa kuvimba. Hesabu haikubali. Tairi la psi 50 likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 50 za joto linafika psi 57 hivi, na tairi zima linastahimili hilo. Kinachotokea ni kwamba joto linalegeza gundi ya kiraka cha zamani, au linakausha kile kijimpira kinachovikwa valvu za mtindo wa zamani, na hewa inatoka polepole. Ukikuta tairi laini jioni, anza kwa kubadilisha kijimpira cha valvu kabla ya kuvua tairi. Na pampu ya mkono ni salama kuliko mashine ya kituo cha mafuta, ambayo hujaza tairi la baiskeli kwa kufumba na kufumbua na kupita kiasi.

Mavazi hayahitaji maneno mengi. Koti refu la mvua la kujitanda huvimba kama tanga upepo wa dhoruba ukija ubavuni, hivyo chukua jaketi fupi la kufungwa mbele. Miguu iache ilowe: kaptula na akala, suruali na viatu vya kazi ndani ya mfuko wa plastiki uliokunjwa mara mbili, kisha ndani ya begi. Karibu na ziwa jioni kuna nyakati wadudu wadogo wa ziwani hupanda kama moshi. Miwani isiyo na rangi huokoa macho, na mdomo ufungwe.

Anayehamia Nakuru ayasahau mengi ya hapa. Ziwa la kule ni dogo, halitawali upepo kama hili letu. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari dhidi ya 1,130 hivi za Kisumu, asubuhi za Julai zinataka glavu, na vumbi la ukavu ndilo linaloua cheni. Eldoret, juu zaidi, mvua haikatiki Juni bali inaendelea hadi Agosti, kwa hiyo kazi ya habu na gololi isubiri Septemba.

Naye mtu wa Nyamasaria mwenye uhuru wa kuomba ratiba, Aprili aombe kuingia saa moja na kutoka saa tisa. Atakula upepo wa ziwa mgongoni ukiwa katika kilele chake, na wingu la Nandi atalikuta bado liko Nandi.